Kifo cha Kapteni Mafua

Fundi saa alikuwa mpole, mtu wa kumpisha hata sisimizi, ila Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma ya duka lake, aligeuka muuaji. Hapo ndipo walipochezea mchezo wao: yeye anasimulia pango lenye mitego na mazimwi, wenzake wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu zinaamua. Zilirushwa ndani ya kifuniko cha kopo la biskuti katikati ya meza, kila jicho lione, na zikishatua zimetua. Mhusika akifa, mchezaji wake aliitundika karatasi yake kwenye msumari ukutani, wote wakapiga makofi matatu, kisha akarusha dadu tatu kwa kila sifa, nguvu, afya na akili, kuanza mwingine. Karatasi tisa pale msumarini zilikuwa za shemeji yake.

Huyu shemeji, kaka wa mkewe, mchora mabango, alikuwa na mkono wa nuksi. Karatasi yake ya kumi ilitoka hivi: nguvu nne, afya tatu, akili saba.

"Huyu hata ukibamiza mlango anakufa," alisema mwalimu wa hesabu, mchezaji mwenzake.

"Basi tutafunga polepole," shemeji akajibu, akamwita Kapteni Mafua.

Na Kapteni Mafua akaishi miaka miwili! Hakupigana na mtu. Alitembea na fimbo ndefu akigonga kila jiwe kabla ya kulikanyaga, alimwaga maji sakafuni aone yanazama wapi, na mazimwi aliyabembeleza kwa maneno matamu. Wahusika wa mwalimu, wenye misuli tele, walitangulia mbele wakafa mmoja mmoja.

Katika miaka hiyohiyo figo za shemeji zilikufa. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu, lakini Jumamosi hakukosa. Alhamisi moja daktari alimwita dada mtu pembeni. Mke wa fundi alirudi nyumbani akalia mpaka akaishiwa, kisha akasema: "Yeye hajui, na usimwambie. Na hicho kikaratasi chake usikiue. Nakuomba, baba watoto." Fundi akaahidi. Angefanya nini?

Jumamosi hiyo shemeji alifika hoi, vidole vimevimba, penseli inamponyoka. Pangoni, Kapteni Mafua akakuta sanduku.

"Nalifungua."

"Kwa fimbo?" fundi aliuliza, roho juu.

"Kwa mkono."

"Kwa mkono, shem? Una hakika?"

"Nimechoka na fimbo."

Sindano iliyofichwa kwenye kufuli ikamchoma Kapteni kidole. Ili apone, dadu ya pande ishirini ilipaswa kutoa kumi na nne au zaidi. Shemeji akarusha mwenyewe. Ikagonga ukingo wa bati, ikazunguka, ikalala: tatu.

Mwalimu alikuwa ameshanyanyua mikono kupiga makofi. Fundi akainamia daftari lake alimoandika siri za pango, akakawia humo.

"Sumu ilikuwa ya zamani," akasema. "Imekauka. Umepona."

Shemeji hakufurahi. Alinyoosha mkono akalivuta daftari, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya mezani pale. Mwandiko wa fundi ulikuwa mdogo na safi: *Sindano. Sumu. Kufa papo hapo.*

"Umeniua mara tisa," akasema. "Mara ya kwanza hata kiti hakijapata joto. Hujawahi kunihurumia. Leo kuna nini?"

Fundi akaitazama ile tatu kifunikoni. Alidhani anamwachia mtu kitu chake cha mwisho, kumbe ndiyo kwanza anamnyang'anya: meza ile ndiyo sehemu pekee iliyobaki ambayo shemeji alikuwa mtu kama watu.

"Dada kaambiwa nini hospitali?"

"Shem..."

"Muda gani?"

Mikono ile iliyozoea kushika vijigurudumu vidogo kama chembe za mchanga ikalifunga daftari. "Mwezi," fundi akasema. "Pengine haufiki."

Shemeji akaiokota karatasi yake. Kisha akashika meza, akainuka, akaitundika karatasi ya Kapteni Mafua kwenye msumari.

"Pigeni," akasema. "Ndiyo sheria."

Wakapiga matatu, ya kinyonge. Mwalimu, asijue la kufanya na mikono yake, akamsogezea zile dadu tatu za kuanzia mhusika mpya. Shemeji akazitazama. Akazirudisha kifunikoni moja moja, bila kuzirusha, akaomba asindikizwe nyumbani.