Herufi Kumi za Bati

Chelele-che! Mpaka leo sufuria tupu zikigongana, hunijia sauti ile ya vibao vya bati vilivyotungwa kwenye waya, karani wa ghala la pamba akivitupa sakafuni mbele yetu asubuhi.

"Mabinti, kazi!" alikuwa anasema, halafu huyo, anarudi kwenye mizani yake.

Kila kibao kilitobolewa herufi moja. Unakilaza juu ya gunia, unapitisha brashi yenye wino mweusi, unakiinua, herufi inabaki. Ilikuwa miaka ya ruksa, pamba ilipoacha kuwa ya ushirika peke yake na wanunuzi binafsi wakaanza kuja Bariadi, kila mmoja na ghala lake na chapa yake. Mnunuzi wetu alitaka magunia yake yaandikwe SEED COTTON, maana yake pamba ambayo bado ina mbegu ndani. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Herufi kumi na wasichana wawili.

Mimi nilitoka Ipililo, kwenye ng'ombe na majaruba ya mpunga, darasa la saba nimemaliza na jina langu halikutoka kwa waliochaguliwa. Mwenzangu alitoka Lamadi, kando ya ziwa, mtoto wa wauza dagaa, alifika kidato cha pili akaishia hapo. Siku za mwanzo nilimwogopa. Alisoma maandishi ya gunia kwa sauti, haraka, kama mtu anayeita jina la mdogo wake. Mimi nilikuwa nayachora tu.

Siku moja tunangoja wino ukauke, nikawa navichezea vile vibao sakafuni, navipanga bila nia yoyote. Akainama kutazama.

"Eh! Umeandika kuhitaji."

"Nani, mimi?"

"Wewe wa ng'ombe, wewe. N, E, E, D. Ni neno hilo, lina maana kamili."

Nilicheka mpaka karani akageuka. Nilikuwa nimesema kitu kwa Kiingereza na mwenyewe sijui! Kuanzia hapo mchezo ukawa huo. Mimi napanga, yeye anaamua. Likiwa neno la kweli anasema, "Lipo," na kunipa maana yake. Likiwa la kwangu mwenyewe anasema, "Halipo, hilo la Ipililo."

Jamani, yalikuwamo maneno mle! STONE, jiwe. NOSE, pua. SEND, tuma. NEST, kiota cha ndege. Sikuwahi kufikiri kwamba jiwe na pua na kiota vinaweza kulala kwenye gunia moja la pamba. Nilipopata SON akaniambia ni mtoto wa kiume. Nikauliza wa kike yuko wapi.

"Wa kike herufi hazitoshi."

"Hata kwa Waingereza?"

"Hata kwa Waingereza, shoga yangu."

Daktari naye tulimkosa kwa sababu ya R. Tulipata moja, ONE, na kumi, TEN, lakini mbili ilitushinda, W haikuwapo. Nikamwambia mbona hiyo ONE anaitamka kama ina W ndani. Akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo moja inatamkwa na W ambayo haimo, na hiyo mbili ina W ambayo haitamkwi. Waliibiana." Tukacheka tena, wino ukatudondokea miguuni.

Mara moja tu mimi ndiye niliyempa maana. Nilipanga SCONE, akasema halipo. Nikalisoma taratibu, herufi kwa herufi, nikaona linafanana na kitu ninachokijua. "Si skonzi hiyo? Ya kunywea chai?" Akalitazama muda mrefu. "Lipo," akasema, akanipiga begani na mkono wa wino. Ile alama sikuifua juma zima.

Nadhani ni hiyo skonzi iliyotupeleka kwenye ndoto yetu. Tulipanga msimu ujao tukirudi, tupange chumba kimoja mjini, na pamba ikiisha tusirudi makwetu. Tungefungua kibanda cha chai karibu na mnada, yeye akaange samaki, mimi nipike maandazi, na juu tuandike jina kwa herufi kubwa nyeusi. Mimi nilikwisha kuwaona hata wateja. Nilimwona mmoja ana kofia, anaomba chai ya pili. Yeye alisema nina kichwa cha mawingu, lakini alisema pia, "Atakayefika wa kwanza apange chumba, amwekee mwenzake upande."

Msimu uliofuata nilifika wa kwanza. Nikapata chumba nyuma ya soko, chenye dirisha moja na kitanda cha kamba. Upande wa dirisha ndio wenye hewa, nikauacha wake, maana wa ziwani hawezi joto. Kitanda changu nikakiweka mlangoni, kule dirishani nikawa nafagia tu kila asubuhi.

Ghalani karani akatupa vibao vile vile. "Binti, kazi!" Safari hii alisema binti. Nikachapa magunia yangu, na wino ulipokuwa unakauka nikapanga maneno kama zamani. Ila sasa nikishapanga ndiyo basi. TOND. COSTEN. DOSE. Nilikuwa nayaangalia na yenyewe yananiangalia. Hilo la mwisho nilidhani ni dozi, ya dawa, lakini kudhani si kuambiwa. Nikamwita karani.

"Baba karani, hili lipo?"

"Lipo wapi? Hebu niache nipime pamba ya watu."

Hakuwa na ubaya, foleni ilikuwa ndefu. Nikayavuruga.

Mama mwenye nyumba naye, kila akinisalimu kwa Kisukuma, akaanza kuuliza. "Mwangaluka, mwanangu. Huyo mwenzako mbona haonekani? Upande mzima umekaa bure, nina binti wa ndugu yangu anatafuta pa kulala."

"Anakuja, mama. Yuko njiani."

"Njia gani hiyo, ya kutoka Ulaya?"

Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani nikitazama ile sakafu safi. Kila lori lililokuja kutoka upande wa ziwa nilimfuata dereva. Wengi hawakumjua. Nilimweleza alivyo: mrefu, ana mwanya, anacheka kabla hajamaliza kusema. Mmoja, mtu mzima, alikuwa anafunga turubai. Akaacha kamba.

"Mwenye mwanya? Huyo namfahamu. Ameolewa Nyashimo. Mumewe ana duka pale barabarani. Nilinunua kiberiti kwake juzi."

"Mzima lakini?"

"Mzima sana. Na tumbo limeshatangulia mbele. Nimpe salamu gani?"

Nilikuwa na mengi. Nilitaka aulizwe kama DOSE lipo. Nilitaka aambiwe chumba kina dirisha. Nikasema, "Mwambie nimefurahi." Na nilifurahi kweli, Mungu ananiona. Nilimwona akilini, amekaa dukani, ameegemeza tumbo lake, anawachekesha wateja. 

Jioni ile, jua bado lipo, nikapita kwa mama mwenye nyumba nikamwambia mwenzangu haji tena, nitakaa peke yangu. Alisema tu, "Pole, mwanangu," akaendelea kupepeta mtama.

Nikafunga mlango. Nikashika miguu ya kitanda, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kwa maana ni kizito kwa mtu mmoja, nikakiburuta mpaka chini ya dirisha.