Injini Iliyotaka Maji ya Mvua

Mimi nilisoma chuo cha Kurani, na shule ya serikali miaka miwili, basi. Yaliyobaki nimejifunza kwa mikono. Nilianza kuchoma chokaa hapa Diani nikiwa na shati moja, nikivunja mawe ya matumbawe mwenyewe na kuyapanga juu ya magogo mwenyewe. Bendera ya Uhuru ilipopandishwa nilikuwa na matanuri matatu, na hakuna mwashi kati ya Tiwi na Gazi aliyejenga bila kunijia. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba niliyoyafanya sikuyafanya kwa ujinga. Mjinga ana udhuru.

Mke wangu alikuwa amezaa mara mbili na mara mbili tukazika. Uchungu ulikuwa ukimshika, tunatoka barabarani kungoja basi, na basi la siku zile lilipita lilipotaka. Tulipofika Msambweni hospitalini mtoto alikuwa keshachoka. Muuguzi wa pale, mama mmoja wa makamo, alituambia mara ya pili: "Mimba ijayo, uchungu ukianza tu, njooni. Msikae kabisa." Basi alipopata mimba ya tatu nikasema nitanunua gari. Hilo ndilo lilikuwa shauri lenyewe, kumfikisha mke wangu Msambweni mtoto akiwa hai. Jingine halikuwapo.

Ningeweza kununua pikapu. Pikapu zilikuwepo. Lakini palikuwa na mzungu mmoja, mwenye shamba la minazi karibu na ufuo, ambaye katika ujana wangu nilimfanyia kazi ya getini. Alikuwa na magari mawili ya mbio, mafupi, ya chini, paa la turubai la kukunja. Niliyafungulia geti magari yale mara zisizo na idadi, na hakuna siku aliyonitazama usoni. Baada ya Uhuru akaamua kurudi kwao, na nikasikia anauza. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaenda. Nilipita geti lile katikati.

Magari yenyewe yalikuwa na umri wa miaka kumi au zaidi. Bodi moja, mtengenezaji mmoja. Tofauti ilikuwa injini. La kijani lilikuwa la mkewe, injini ndogo ya silinda nne. Jekundu lilikuwa lake, silinda sita, kabureta mbili, na alikuwa akishindana nalo. Akasema bei ni moja, nichague ninalolitaka, nitakaloliacha litachukuliwa na mtu wa Mombasa. Alikuwa amemwita fundi wake kutoka Likoni aje anionyeshe. Fundi huyo alikuwa mkubwa wangu kwa miaka michache, Mswahili wa mjini, ameyatunza magari yale tangu mapya.

Tukayapandisha yote mawili mlima wa Kwale, kutoka Kombani mpaka juu. La kijani lilipanda kwa gia ya pili likiguna. Jekundu! Wallahi nilidhani barabara imelala. Nilifika mbele ya ofisi za serikali, pale ambapo karani aliwahi kuniweka juani tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa ajili ya kibali cha kukata kuni, nikazunguka pale mara mbili. Watu wakatoka nje. Karani yule naye akatoka.

Tuliporudi fundi akafunua boneti zote mbili.

"Chukua hili la kijani, mdogo wangu."

"Kwa nini?"

"Unakwenda nalo wapi?"

"Msambweni. Mke wangu ana mimba."

"Njia ya Msambweni ina mlima gani?"

Njia ya Msambweni ni tambarare kama mkeka.

"Basi," akasema. "Tena tazama. Hii ndogo, chuma kitupu juu mpaka chini. Itakunywa maji yoyote utakayoipa. Hii kubwa, kiwiliwili chake ni chuma, lakini kichwa chake kile ni cha alumini, kama sufuria. Weka maji ya chumvi ndani ya sufuria, yaache mwaka mzima, halafu uniambie imebaki nini. Hii haitaki maji ila ya mvua. Na nyuma hapa, la kijani lina kibao, mtu mwembamba anakaa. Jekundu, mzungu alikiondoa akatia tangi la pili la petroli."

"Mke wangu ni mmoja, kaka. Hakai vitini viwili."

Akacheka. "Haya. Mimi nimesema. Lakini maji ya mvua, umenisikia?"

"Nimesikia."

Nikachukua jekundu. Moyoni nilijiambia kwamba injini kubwa itafika upesi zaidi, na mtoto anataka upesi. Kulikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana nikaweza kulala usiku kucha. Lakini nilichokiona mbele ya macho yangu nilipokuwa nikitia saini kilikuwa karani wa Kwale amesimama mlangoni.

Sasa maji. Kwetu sisi kisima kilicho karibu na nyumba kina maji ya chumvichumvi, ya kuoshea vyombo na kunyweshea mbuzi. Maji matamu yalikuwa kisima cha mbali, wanawake wakiyaendea na ndoo kichwani asubuhi na jioni. Maji ya mvua wakati wa kaskazi, msimu wa ukame, yalikuwa mahali pamoja tu, birika la msikiti, linalokusanya kutoka kwenye paa wakati wa masika. Ni wakfu, tangu babu zetu.

Mwanzo nilichota birikani. Kila juma debe moja, maana injini ile ilikuwa ikinywa. Juma la tatu mzee mwangalizi wa msikiti akanikuta nimeinama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hayo ni ya nini, mwanangu?"

"Ya gari."

"Haya ni maji ya udhu na ya maiti. Gari lako linasali?"

Waliokuwa barazani wakacheka. Mmoja akasema labda limekufa, lisomewe talakini. Mzee hakucheka. Aliniambia kwa upole kabisa nimwone nyumbani kwake, ana mtungi wa maji ya mvua wake mwenyewe, atanipa. Nikamwaga debe pale pale mbele yao, nikaondoka. Mimi nimeujenga ukuta wa msikiti ule kwa chokaa yangu bila kudai, leo nipewe maji ya mtungi kama ombaomba? Sikwenda.

Mke wangu alisikia. Habari za barazani hufika jikoni kabla ya mwenyewe. Jioni akaniambia, "Bwana, mimi kisimani nakwenda kila siku. Nitakuongezea debe moja kwa wiki, la gari."

"Mwanamke mwenye mimba ajitwike maji ya gari? Watu watasema nini?"

"Basi nenda wewe."

Alisema kwa kuchokoza, huku akitabasamu. Lakini ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, na njia ya kisima kile isingenishinda. Mwanamume wa kwetu wakati huo hakuonekana kisimani na debe. Na mwenye gari jekundu ndiye kabisa asingeonekana. Nikamwambia asijali, nimepata maji.

Niliyapata kweli. Kisima cha karibu, hatua ishirini.

Na hapa ndipo sina udhuru. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafukuza waashi waliokoroga chokaa yangu kwa maji ya kisima cha pwani. Nilikuwa nikiwatukana. Nilijua chumvi inafanya nini ukutani, jinsi inavyotoka kama jasho jeupe mpaka plasta inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Nilijua, na kila juma nilitia debe kwenye rejeta, nafunga kifuniko, napanguza mikono.

Miezi ikapita. Fundi wa Likoni alipita kwetu akielekea Lungalunga kwa shughuli zake, akasimama kunisalimu. Mtu wa kazi haachi kazi, akafunua boneti, akafungua kifuniko cha rejeta. Chini ya kifuniko palikuwa na utando mweupe kama unga wa muhogo. Akaugusa kwa kidole, akaupeleka ulimini.

"Unatia maji gani?"

"Ya mvua."

"Ya mvua?"

"Kaka, nimekwambia ya mvua. Au uniapishe?"

Akanitazama kidogo. Akafunga. Angeweza kubishana, lakini kumwambia mtu mzima ndani ya ua wake kwamba amesema uongo, kwetu hakufanyiki kirahisi. Akanywa maji, akaaga, akaenda zake. Jumatatu ya tatu baada ya hapo uchungu ukamshika mke wangu.

Ilikuwa asubuhi, jua limepanda. Nilifurahi, nakiri. Nikasema leo ndiyo leo. Mkunga wetu, bibi aliyekwisha kutoa nusu ya watoto wa kijiji, alimshika mkono mpaka garini. Akamkalisha. Akatazama huku na huku.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Hapana nafasi, bibi. Tunafika sasa hivi."

"Mtoto simpendi alivyolala. Nitakaa hata chini miguuni pake."

"Hapatoshi. Utamkanyaga."

Akarudi nyuma. Niliondoka kwa kishindo, vumbi likamfunika.

Lilikwenda vizuri. Lilikwenda kama siku ile ya Kwale. Mke wangu alikuwa ameshika mlango, haongei, nami nikazidi kukanyaga. Hatujafika Gazi likaanza kukohoa. Sindano ya kipimo cha joto ilikuwa imelala upande wa pili, sijui tangu lini, maana nilikuwa natazama barabara. Kisha mvuke ukatoka mbele, na nyuma moshi mweupe, mwingi, kama wa tanuri langu linapowashwa. Silinda zikafa moja moja. Likasimama.

Nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Mafuta yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hata mimi nisiye fundi nikajua maji yameingia ndani.

Palikuwa minazi huku na minazi huku. Hakuna nyumba. Nilikimbia upande mmoja nikaita, nikakimbia upande wa pili nikaita, nikarudi. Alikuwa ameshateremka mwenyewe, ameshika tairi la mbele. Nikatandika kanzu yangu kivulini. Mambo ya uzazi mwanamume wa kwetu hayaoni wala hayaulizi, na mimi sikujua lolote zaidi ya mbuzi. Mguu ulitoka kwanza. Mguu mmoja mdogo, wa kibuluu.

"Mvute?" nikamuuliza mke wangu. Namuuliza yeye!

"Sijui," akasema. "Sijui, bwana."

Nisiandike zaidi. Alikuwa wa kike. Alipumua. Wamewahi kuniambia watu kwamba nilidhani tu, lakini nilimshika mikononi na nilihisi kifua kikipanda mara tatu au nne. Lori la makuti likatukuta baadaye, likatupakia juu ya mzigo, na Msambweni wakamwokoa mama yake, Mungu awalipe. Mimi nilirudi na lori hilo hilo, nimembeba mtoto ndani ya kanga.

Kwa kuwa alipumua, alipewa jina na akaswaliwa. Maiti haioshwi bila maji, na yule mzee mwangalizi wa msikiti alikuja nyumbani na debe la maji ya birika. Alilibeba mwenyewe, kichwani, uzee wake ule, akapita nalo katikati ya kijiji. Akaliweka mbele yangu.

"Haya ni yako," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ningefurahi kama angesema kwa ubaya.

Mkunga naye alikuja kutupa pole. Aliniuliza mtoto alitanguliza nini, nikamwambia. Akakunja na kukunjua ncha ya leso yake. "Wa miguu nimewatoa saba," akasema, "na wote wanatembea."

Gari lilivutwa mpaka uani. Fundi alikuja kutoka Likoni, akakifungua kile kichwa, akakiweka juu ya gunia. Upande wa chini kilikuwa kimeliwa, mashimo mashimo kama jino bovu, na ukibonyeza kwa bisibisi kinabonyea. Mke wangu alikuwa ndani, siku ya tano au ya sita tangu atoke hospitali. Fundi hakujua kwamba anasikia.

"Uliniambia ya mvua," akasema fundi.

Mke wangu akatoka polepole, akishika ukuta, akaja akakitazama kile kichwa juu ya gunia. Alikitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Debe moja kwa wiki," akasema. "Ningejitwika."

Akarudi ndani.

Gari lile la kijani nililiona Likoni miaka mingi baadaye, limepakwa rangi mpya, kijana mmoja analitilia maji kwa kopo kutoka mferejini. Sikusogea karibu.

Baada ya arubaini ya mtoto nilianza kujenga birika uani kwangu. Nililijenga kwa chokaa yangu bora kuliko zote, nikaikoroga kwa maji matamu niliyoyabeba mwenyewe kutoka kisima cha mbali, debe kichwani, mchana, watu wakinitazama. Masika lilijaa mpaka mdomoni. Kijiji kizima kimechota humo, na mpaka leo halijavuja.

Mke wangu hakuchota. Mtoto mwingine hatukupata, na hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Tulikaa pamoja miaka thelathini na zaidi baada ya hapo, alinipikia, aliniuguza, hakunikosea heshima hata siku moja. Lakini kila asubuhi na kila jioni alichukua ndoo yake, akapita kando ya birika langu, akaenda kisima cha mbali.