Kumlisha Baba Mkwe

Kazi yangu ni kufundisha watu kumeza. Nikisema hivyo sokoni Kasulu watu hucheka, maana nani hajui kumeza? Ngoja kiharusi kikupige upande mmoja, ndipo utajua kwamba kumeza ni kazi ya misuli mingi, na mmoja ukigoma tu, chai inaingia njia ya pumzi. Anayepaliwa na kukohoa ana bahati. Mimi namwogopa yule asiyekohoa. Huyo anameza, anatulia, anakutazama, na baada ya siku chache homa inapanda na kifua kinakoroma.

Ni muuguzi katika utafiti wa kiharusi. Tunataka kujua jambo moja: mgonjwa akirudi nyumbani, na ndugu zake wakifundishwa kumlisha na kumnyoosha viungo, je, anapona vizuri kuliko yule ambaye ndugu zake wamepewa maelezo ya kawaida tu? Kwa hiyo napanda bodaboda na kwenda vijijini na kijiko, kikombe na masikio yangu. Mgonjwa akishameza namwambia aseme aaa. Sauti ikitoka kavu, tunaendelea. Ikitoka imelowa, kama ya mtu anayesukutua, tunasimama.

Siku hizi, kabla sijatoa kijiko, nauliza kwanza: "Nani katika nyumba hii anaruhusiwa kumgusa huyu mzee?" Daktari anayetuongoza, mtu wa Kilimanjaro, aliposikia swali hilo mara ya kwanza alidhani natania. Sikuwa natania. Nilijifunza kuliuliza nyumbani kwa baba mkwe wangu, wilaya ya Kibondo, mwaka alioanguka.

Kwetu, upande wa Buhigwe, mambo ya ukwe yamelegea. Kwa mume wangu, njia ya Kumsenga, bado yamekazwa. Mke wa mwana hamwiti baba mkwe kwa jina, hakalii kiti chake, hali mbele yake, hamgusi, na chumba anacholala mzee ni mwiko kwake hata nyumba ikishika moto. Hata kuzungumza, mimi na mzee tulizungumza kupitia mtu wa tatu. Watoto wasipokuwepo, alitumia kuku.

"Kuku," angesema huku akiangalia migombani, "mwambie mama wa wajukuu wangu kwamba maharage ya leo yamenisahaulisha umri wangu."

Nami ningemjibu kuku, "Mwambie Baba mengine yapo jikoni."

Nilimpenda mzee yule. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama machoni, na nilimpenda.

Alianguka shambani akipalilia, jembe likiwa mkononi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaondoka. Wodini walimpitishia mpira wa kulishia puani, akaung'oa. Wakaurudisha, akaung'oa tena. Kisha kifua kikamshika. Kilipotulia walimruhusu, na daktari akasema waziwazi kwamba kikimshika tena, yeye hawezi kuahidi kitu. Mama mkwe alionyeshwa namna ya kumlisha, na kila alichoambiwa aliitikia "ego, ego", ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia Waha wote mbele ya koti jeupe. Halafu akarudi nyumbani kufanya alivyojua yeye.

Mabinti zao wameolewa mbali. Wana wa kiume ni wawili, mmoja alihamia Tabora, na wa pili ndiye mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa kazini Mtwara. Nikaomba likizo, nikapanda basi la Kibondo.

Niliwakuta wazee chumbani, nami nikakaa sebuleni, pazia la mlango likiwa katikati yetu. Sikuona kitu. Nilichosikia ni mfyonzo mrefu wa kinywaji, kisha kikohozi kidogo, kikohozi cha mtu asiye na nguvu ya kukohoa. Nikainuka nusu, nikakaa tena.

"Mwakeye, Mama," nikamsalimu. "Unamlisha akiwa amekaa?"

"Akae wapi, mwanangu, na hali hii? Nimempakata."

"Unampa nini?"

"Chai ya maziwa. Nyepesi, iteremke vizuri."

Damu ilinichemka. Amelazwa chali, anamiminiwa maji kooni, na anayemmiminia ndiye anayempenda kuliko watu wote duniani. Nikamwambia hiyo chai haiteremki tumboni, inateremka kwenye mapafu. Nikamwambia amkalishe, ampe uji mzito, na kabla ya kila kijiko amuulize kama yuko tayari.

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema.

"Huyu anaulizwa. Mama, niruhusu niingie."

Nyuma ya pazia kikombe kikawekwa chini. "Uingie wapi? Unataka mume wangu afe kwa aibu kabla hajafa kwa ugonjwa?"

Nikatoka uani kumpigia simu mume wangu. Naye ni mtoto wa mama yake. "Mfundishe Mama," akasema. "Naomba ruhusa, nikipewa nafika wiki ijayo." Nikamwambia kifua hakijui wiki ijayo. Akasema ule msemo wa wanaume wakishindwa, kwamba tumwombe Mungu.

Basi nikamfundisha Mama kupitia pazia. Ukiniuliza katika kazi yangu yote ni kipindi gani nilitoka jasho zaidi, nitakutajia siku zile, nimekaa kwenye kigoda na kuongea na kitambaa chenye maua. Nilimwambia aweke gunia la maharage nyuma ya mgongo wa mzee ili akae wima. Nilimwambia nusu kijiko, kidevu kielekee kifuani, asubiri, aangalie koo lipande na kushuka. Halafu aaa. Aaa ile ilikuja ndogo, imepinda, na mimi niliinamisha sikio hadi karibu niguse pazia.

"Imelowa, Mama. Simama kwanza. Mwambie ameze tena bila kitu."

"Kameza."

"Mwambie aseme tena."

Ikaja kavu. Jioni ile alimaliza nusu bakuli la uji na hakuwa na homa. Mama alitoka akanitazama kwa jicho la mtu anayekaribia kukubali, akaniuliza kama na mimi nimekula.

Lakini uji mzito haukumwingia akilini. Kwake mwanamume aliyelima maisha yake yote hawezi kupona kwa chakula cha mtoto anayeota meno. Mzee alikuwa amekonda, mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza, na Mama ndiye aliyekuwa akimwogesha na kuiona. Kwa hiyo siku iliyofuata, mchana, wakati wa chakula, alificha ndani ya bakuli la uji kitu ambacho hakuniambia.

Nilikuwa mahali pangu. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Nikasubiri ameze. Sikusikia kumeza.

"Mama, mwambie aseme aaa."

"Ngoja, anatafuna."

Anatafuna nini? Uji hautafunwi. Nikasimama. "Mama, aseme aaa!"

"Hataki kusema."

Ndipo nikasikia kisigino kikigonga ubao wa kitanda, mara moja, tena na tena, na kati ya mapigo hayo hakukuwa na sauti yoyote, wala kikohozi, wala pumzi. Nawajua wagonjwa wanaonyamaza namna hiyo. Nikalisukuma pazia.

Macho ya mzee yalikuwa yamemtoka, na midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau iliyoiva. Mama alikuwa amemshika mashavu, akimwita. Nikamsukuma pembeni kwa bega, nikapanda kitandani kwa magoti, nikamkumbatia baba mkwe wangu kifuani, nikamwinamisha mbele na kumpiga kati ya mabega kwa kiganja. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikampiga tena, kwa nguvu, mpaka likatoka. Lilikuwa tonge la ugali wa muhogo, laini, limenata kama gundi. Mzee akavuta pumzi kwa mlio wa mlango mbovu, akakohoa, akavuta tena.

Nilikuwa bado nimemkumbatia. Alipopata pumzi ya kutosha akageuka kuona ni nani. Kwa mara ya kwanza tukatazamana. Kisha akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akajifunika uso.

Mama akanitoa nje kwa kunishika mkono. Hakuwa mkali, na ningependelea awe mkali. Alikaa chini penye mafiga, akasema taratibu, "Umemwokoa, na umemmaliza."

"Ungempa uji, nisingeingia!"

Nilipiga kelele, ndiyo. Nilimpigia kelele mama mkwe uani kwake, majirani wakisikia. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mume wangu huko Mtwara, na hasira na desturi inayomwona mzee akinyongwa na tonge na kuuliza kwanza aliyemshika ni nani. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akasema yeye amezaa saba, na hakuhitaji kuvuliwa nguo na mkwe.

Jioni mzee alikataa kula. Asubuhi akakataa. Mama alimwekea uji mzito sawasawa na nilivyosema, akamkalisha wima, akamwomba, akamwimbia hata wimbo wa kanisani. Alibana meno na kuelekeza uso ukutani. Maji pia alikataa. Kutoka kwenye kigoda changu nilisikia ulimi wake ukijibandua ndani ya kinywa kikavu, na nilijua hesabu ya mwili usiopewa maji. Nilikuwa nimemtoa tonge kooni, na sasa alikuwa anakufa kwa sababu aliyemtoa ni mimi.

Nilisema tumrudishe hospitali. Mama akasema, "Wamrudishie mpira aung'oe?"

Alikuwa anapukuchua maharage kwenye ungo. Bila kuniangalia, akaanza kunisimulia habari ya siku za mwanzo za ndoa yake. Alisema baba mkwe wake aliugua kidonda cha mguu, na yeye ndiye alikuwa mwanamke pekee mwenye nguvu pale nyumbani. Mzee yule alimwita mlangoni mbele ya mke wake, akampa jembe na kusema kwa kinywa chake, nimekufungua, kuanzia leo wewe ni binti yangu. Tangu siku ile alimwosha kile kidonda, na hakuna aliyefunika uso.

"Basi na Baba anifungue," nikasema.

"Lazima aseme."

"Hana maneno, Mama."

"Najua hana maneno!" Ungo ukaanguka, maharage yakatawanyika. Alikuwa analia. Nilielewa wakati ule kwamba jambo hili alikuwa amelifikiria tangu nilipofika, na kila alipolifikiria alifika kwenye kinywa kile kilichopinda na kukwama.

Akajipangusa kwa kanga, akaingia ndani, akatoka na jembe. Lilikuwa ndilo la siku ile, udongo wa shambani umekaukia kwenye chuma. Akanishika mkono kwa mara ya pili, na safari hii akanivuta kuelekea ndani.

Mzee aliponiona akajifunika uso, akageukia ukuta. Mama akaniacha karibu na mlango, akamlazia jembe mapajani na kumwinamia. Alimwambia mambo mengi kwa sauti ya chini. Nilisikia jina la baba yake mzee likitajwa, na neno jembe. Kisha sote tukasubiri.

Mkono wa kushoto ukateremka kutoka usoni. Ukapapasa mpini, ukaushika, ukaanza kuusukuma kuelekea upande niliokuwa. Ukasimama. Akautazama mkono wake, akaurudisha haraka kana kwamba umeungua. Kwetu mtu hampi mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto. Ni tusi. Mwanamume yule, ambaye hakuwa na maneno wala upande mmoja wa mwili, alikuwa bado na adabu zake zote, na machozi yakamshuka upande ule ambao uso ulikuwa bado unajua kulia.

Nilitaka kusema haidhuru. Mama alinitangulia. Aliuinua mkono wa kulia, ule uliokufa, akauweka juu ya mpini, akavikunja vidole kimoja kimoja vishike, na kwa sababu havikuweza kushika, akavifunika kwa mkono wake. Kisha akamtazama mzee. Mzee akaurudisha wa kushoto chini ya mpini, na jembe likaja kwangu.

Nikapiga magoti, nikalipokea kwa mikono miwili. Nililia bila haya. Mama akasema, kwa niaba ya kinywa kile, "Amekufungua."

Nikaweka jembe ukutani, nikanawa mikono, nikakaa kitandani kando ya baba mkwe wangu. Nilimweka wima, nikateremsha kidevu chake kwa vidole viwili. Alinifuata kwa macho. Nikamwonyesha kijiko, nikamuuliza kama yuko tayari, akafungua meno. Koo likapanda, likashuka.

Chumbani hapakuwa na mtoto wala kuku.

"Baba," nikasema, "sema aaa."

Ilitoka ndogo, imekwaruza, kavu kabisa. Nikachota kijiko cha pili.