Mbaazi Zilizojiotea

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya chama cha wakulima hapa Babati. Karani alimuuliza mama mmoja wa Bonga, "Shambani una zao gani?"

"Mahindi na mbaazi, pamoja."

"Kompyuta inataka zao moja tu, mama."

Mama akavuta khanga begani, akafikiri. "Basi andika mahindi. Mbaazi useme zimejiotea."

Watu wakacheka. Mimi nikageukia tangazo ukutani. Msomaji, programu ile huria iliyomo kwenye kompyuta ya karani, tuliyojisifu kwamba yeyote anaweza kuirekebisha, tuliitengeneza mimi na wenzangu bila kumuuliza mkulima hata mmoja. Nami nimekulia Singe, katikati ya mahindi na mbaazi!

Karani akaniuliza, "Hivi walioitengeneza wamewahi kuona shamba?"

"Sijui," nikajibu, bado nasoma tangazo.