Mbwa Aliyevaa Namba ya Baba

Enzi zetu, jamani, mbwa hakuwa na daktari wala kitanda. Mbwa alikuwa na jivu. Jivu la jikoni likiwa bado na joto, hapo ndipo alipojikunja, na ukigeuka kuchota mboga, ugali wako hauko. Ninyi mliokulia Nyeri miaka ile ya kwanza kwanza ya Uhuru mnanielewa. Hawa wajukuu wetu wanaotembeza mbwa aliyevishwa sweta waacheni wacheke. Sisi wenyewe sweta tulikuwa nayo moja, na Julai ya Nyeri haikuwa na mchezo. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa mpaka saa nne, na vidole vilikufa ganzi hata kalamu ikakataa kuandika.

Baba yangu alikuwa konstebo wa polisi. Kwetu ni Bungoma, lakini uhamisho ulituleta Nyeri tukapewa nyumba katika laini za polisi: chumba kimoja, jiko la nje, na bomba moja la maji la watu wote. Kulia kwetu walikaa Wakamba, kushoto Wajaluo, na ukivuka barabara ulikuwa Majengo, kwenye msikiti, vibanda na vyumba vya kupanga. Huko alikaa rafiki yangu Wangeci, ambaye mama yake alikuwa na kibanda cha chai na githeri. Wangeci akija kwetu alicheka mboga yetu ya mrenda, ati inateleza kama sabuni. Nami nikienda kwao nilitafuna yale mahindi ya githeri mpaka taya zikaniuma, halafu nikaomba nyongeza.

Kiswahili chetu watoto, mwalimu alikiita chakula cha mbwa, maana kilikuwa na mabaki ya kila nyumba. Ukimwambia, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea," alikuchapa mara mbili, mara ya kwanza kwa kitabu, ya pili kwa "yangu". Tulicheza kati na mpira wa makaratasi, tukacheza bano kwa gololi, tukacheza brikicho ya kujificha mpaka Mama aite kwa sauti ile ya tatu, ambayo kila mtoto wa wakati wetu aliijua kuwa ndiyo ya mwisho.

Kaka yangu Wafula, ambaye sasa ni mzee mwenye kipara na tumbo na hataki nimtaje, alikuwa na ugonjwa wa kuokota. Si vitu, viumbe. Alileta kunguru aliyevunjika bawa, akamfunga kijiti kwa uzi wa Mama, akamlisha wiki tatu. Siku kunguru alipopona aliruka na kijiko chetu cha wageni mdomoni, na hatukumwona tena, yeye wala kijiko. Akaleta paka mwenye jicho moja kutoka jalala la soko. Tulimwita Mwalimu, kwa sababu alikukodolea lile jicho bila kupepesa mpaka ukiri kosa. Mama alishika kiuno.

"Wafula, hii nyumba ni chumba kimoja. Si safina ya Nuhu!"

Lakini jioni nilimwona akimmwagia Mwalimu maziwa kwenye kifuniko cha sufuria.

Koplo tulimpata mtoni Chania, Jumamosi moja tulipomsindikiza Mama kufua. Gunia lilikuwa limenasa kwenye matete, na ndani yake mlikuwa na watoto wa mbwa wanne. Watatu walikuwa wamekufa. Nililia sana siku hiyo, na hata leo sipendi kulikumbuka lile gunia. Wa nne alikuwa anatetemeka. Wafula alimtia ndani ya shati, tumbo kwa tumbo, akapanda naye mlima wote, na Mama akajifanya hajaona shati lile likibweka.

Alipokauka tukaona ana mguu mmoja wa mbele mweusi wenye mistari miwili myeupe, imepangwa sawasawa. Askari jirani alipomwona alipiga saluti. "Huyu ni koplo kabisa!" Laini nzima ikacheka, isipokuwa Baba. Baba alikuwa konstebo mwaka wa tisa.

"Miaka tisa natafuta tepe mbili," alisema, "na hii mbwa imezaliwa nazo."

Kuanzia siku hiyo hakumwita jina. Alimwita "kitu yenu". Kitu yenu imekula soksi yangu. Kitu yenu iondoke mlangoni. Na ni kweli alikuwa na sababu ya wasiwasi, maana mbwa walikuwa marufuku katika laini. Ukaguzi ulipokuja tulimfunika Koplo kwa karai la kufulia na mimi nikakaa juu yake nikichambua mboga, karai likitikisika kidogo chini yangu.

Tena niseme ukweli kuhusu Baba, kwa kuwa nampenda. Baba alikuwa mwoga wa wakubwa. Nyumbani alinguruma, lakini Sajini akipita nje, Baba alisimama wima hata akiwa na sabuni usoni. Mama alikuwa akimtania, "Wewe hata kivuli cha Sajini unakipigia saluti." Sajini mwenyewe alikuwa Mkamba mrefu, mkimya, ambaye hatukuwahi kuona meno yake.

Basi mwaka mmoja mtoto akaumwa na mbwa Majengo, ikasemekana ni kichaa. Gari la kipaza sauti likapita mitaa yote: Jumamosi, kila mbwa asiye na kola na kibati cha leseni atapigwa risasi. Kibati kilipatikana kwa kumpeleka mbwa akadungwe sindano, na mwenye mbwa aandike jina lake na anapoishi. Sisi tungeandika nini? Laini za polisi? Ingekuwa kujishtaki wenyewe.

Alhamisi Baba alirudi kazini akakaa kitandani na buti zake miguuni, jambo ambalo Mama hakuliruhusu kamwe. Nilikuwa nyuma ya pazia nikamsikia.

"Wamechagua mwenye kushika bunduki Jumamosi," alisema. "Ni mimi."

Mama hakumwambia avue buti.

Ijumaa shuleni hakuna aliyesikia somo. Wangeci ndiye aliyetuletea habari njema. "Mbwa yenye kola hawaipigi. Nimeskia kwa watu wakubwa." Ya kibati hakuitaja, na sisi hatukuuliza. Mnajua akili ya utoto, ikiona tundu la kupitia haiulizi kuna nini upande wa pili. Habari ile ilizunguka mji kabla ya kengele ya jioni, na Jumamosi asubuhi mbwa wa Nyeri waliamka wamependeza kuliko siku ya Krismasi. Nilimwona mmoja amefungwa tai ya shule. Mwingine alivaa kitambaa cha kichwa cha nyanya ya mtu, mwingine mkanda wa kiondo, na mmoja wa karibu na misheni alitembea na rozari. Kina baba wa mji mzima walikuwa wakishikilia suruali kwa mkono, wakiuliza mishipi yao iko wapi.

Wetu ulikuwa mshipi wa gwaride. Baba alikuwa nao ukutani kwenye msumari wake, ngozi nyeusi iliyopigwa polishi mpaka unajiona, na kifungo cha shaba. Siku za kawaida hakuuvaa, kwa hiyo asingegundua kwamba haupo. Tuliuzungusha mara mbili shingoni mwa Koplo, tukamfunga kwa kamba nyuma ya jiko. Koplo aliitafuna kamba, kwani Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda kwa muuza nyama wa Majengo kuomba mfupa, na yeye ratiba yake hakuibadilisha kwa ajili ya tangazo la mtu.

Kikosi kilikuwa cha watu watatu: Sajini, karani wa baraza la mji mwenye daftari, na Baba na bunduki. Watoto tuliwafuata kwa mbali, Wafula akinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Risasi mbili zilikuwa zimelia upande wa kichinjio. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, "Mungu, Koplo awe amelala." Tukapinda kona ya kibanda cha mama Wangeci, na huyo hapo katikati ya njia, mfupa mdomoni, shaba inawaka shingoni.

Karani alifungua daftari. "Kola iko. Kibati iko wapi?"

Sajini alimsogelea Koplo. Aliinama, akaugeuza ule mshipi, akasoma namba iliyopigwa muhuri ndani ya ngozi. Alisoma polepole. Halafu akamgeukia Baba.

"Konstebo, taja namba yako ya kazi."

Baba akaitaja. Ilikuwa ileile ya kwenye mshipi. Watu waliokuwa wakinywa chai kibandani walianza kucheka, mmoja akasema ati leo askari atajipiga risasi mwenyewe. Sajini hakucheka.

"Sema mbele ya watu," akamwambia. "Hii mbwa imeiba mshipi ya serikali, ama ni yako?"

Hata mimi, mtoto wa miaka tisa, nilielewa alichopewa Baba pale. Akisema mbwa ni mwizi, mambo yanaisha na risasi moja, na yeye anarudi laini hana kosa. Akisema ni wake, amekiri kufuga mbwa pale palipokatazwa, na tena kumvisha mali ya serikali, mbele ya karani na mji mzima. Koplo, yule mpumbavu, alimtambua mtu wa nyumbani. Aliweka mfupa chini, akaenda kukaa juu ya buti ya Baba.

Baba aliinua macho akatuona. Tulikuwa tumesimama nyuma ya pipa la maji, na Wafula alikuwa analia waziwazi bila kuficha uso.

"Ni yangu, Afande."

"Mshipi?"

"Mbwa, Afande. Na mshipi pia."

Sajini akamwambia karani aandike kwamba mbwa ana mwenyewe na kibati kitafuata Jumatatu. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na Wangeci alikuwa akirukaruka mbele yetu kama aliyeshinda mbio. Jioni tulichapwa, ndiyo, viboko vitatu kila mmoja, kwa mshipi uleule uliokuwa bado unanuka mbwa. Hatukulalamika. Adhabu ya Baba ndiyo iliyokuwa kubwa, maana likizo yake ya Desemba ilifutwa. Tulikuwa tumehesabu siku za kwenda Bungoma, kuku walikuwa wameshachaguliwa na bibi yetu kwa majina, na sasa Krismasi tukaila Nyeri, ugali na kabichi, mvua ikipiga mabati. Mama alimnunia Baba siku mbili. Siku ya tatu alimpikia chai ya maziwa matupu bila tone la maji, na akamwekea yeye kwanza.

Sajini alitaka mbwa atoke laini kabla jua halijatua. Mama Wangeci alimpokea, "alinde kibanda," akasema, ingawa Koplo hakuwahi kulinda kitu asichoweza kula. Jumatatu Baba mwenyewe alimpeleka sindano, akiwa na yunifomu kamili, na kwenye fomu ya mwenye mbwa akaandika jina lake lote, hata lile la ubatizo ambalo tulikuwa hatulijui. Miaka mitatu Koplo alikaa ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi, filimbi ya gwaride ikilia, alikuja akaketi nje ya ua mwishoni mwa mstari, kifua mbele. Askari waliapa kwamba Sajini alikuwa akimkagua kwa pembe ya jicho.

Halafu uhamisho ukatukuta tena, safari hii Kitale. Siku ya lori nilivaa nguo yangu nzuri kwa ajili ya kuagana na Koplo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio kikubwa, na nilitegemea naye alie. Alikuwa na utumbo wa mbuzi. Alinitazama mara moja, akatikisa mkia mara mbili, akarudi kwenye utumbo wake. Nililia kutoka Nyeri mpaka Sagana kwa hasira tu. Mwalimu yule paka tulimbeba kwenye kikapu, naye akatukodolea jicho safari nzima.

Barua ya Wangeci ilitufikia mwaka uliofuata. Koplo alikuwa amekufa usingizini, jivuni, bila ugonjwa, na wamemzika nyuma ya kibanda. Barua ilikuwa imetembea wiki tatu. Wiki tatu hizo zote tulikuwa tunamtaja katika sala ya jioni, Mungu amlinde Koplo na magari. Wafula alienda chooni akakaa huko saa nzima. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Siku hizi mbwa wa wajukuu wangu ana daktari, ana shampuu, ana siku ya kuzaliwa yenye keki. Nampenda, ni mbwa mzuri, ingawa anaogopa kuku. Nao watoto nawaona wamemshika kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kutaka kuwanyang'anya mbwa wao. Ila nikiwaangalia natamani wakati ule, pamoja na baridi yake na viboko vyake, na natamani zaidi mtu mmoja wa wakati ule.

Nilimuuliza Baba kabla hajatuacha, akiwa mzee kwenye kiti chake Bungoma, meno yameisha. Nilimuuliza kama siku ile hakumwogopa Sajini.

"Nilimwogopa kabisa," akasema. "Lakini Sajini nilijua siku moja atahamishwa. Nyinyi ningekula nanyi ugali jioni ileile. Ningewaangalia vipi?"