Mwanakombo Anajifunza Kudaiwa

Mwanakombo binti Sadallah hakuwa mtu wa kukopa. Hakukopa chumvi, hakukopa moto, hakukopa hata uzi wa kushonea kifungo. Mafuta ya taa yakimwishia, taa yake haikuwashwa siku hiyo, na ukimuuliza atakwambia macho yanamuuma, ameamua kuyapumzisha. Watu wa Temeke walimjua hivyo, naye aliipenda sifa hiyo kuliko herini zake za dhahabu.

Sababu anayo. Siku alipozikwa mumewe, Mbwana, shehe alisimama mbele ya jeneza akauliza, kama ilivyo ada, ni nani anayemdai marehemu. Watu wakatazamana. Hakuna aliyejitokeza. Mwanakombo alikuwa ndani na wanawake, lakini habari ilimfikia kabla maiti haijafika makaburini, na pamoja na machozi yake yote alijiona amevishwa taji. Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo alivyokuwa akisema, na yeye matanga yake yalimtosha.

Akabaki na chumba chake katika nyumba ya mzee Marijani, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, mwendo mfupi tu kutoka viwanda vya Chang'ombe. Humo ndimo alimoingia bibi harusi, humo akaishi na Mbwana, humo akafiwa naye. Kazi yake ilikuwa kukodisha vyombo vya shughuli: sufuria kubwa za pilau, sinia, mabirika, majamvi. Hakuna harusi wala khitima mtaani pale iliyopikwa bila sufuria za Mwanakombo. Kuazima watu vyombo aliona ni sawa. Yeye kuazimwa, hapana.

Basi mzee Marijani naye akafariki. Ilikuwa miaka ile viwanda vinapunguza watu, na wenye hela mpya wananunua kila kiwanja wanachokiona. Mwanawe mkubwa, Badru, akaja siku moja baada ya alasiri, akavua viatu ukumbini.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Kaa. Uso huo umebeba kitu."

"Tunauza nyumba, mama. Sie wengi, na kila mmoja anataka chake. Mirathi bado iko mahakamani, haitakwisha kabla ya Ramadhani. Ikiisha tu, tunauza. Yupo tajiri mmoja wa Mbezi Beach anaitaka, aivunje ajenge godauni. Lakini wewe ulimuuguza mama yetu. Tumekubaliana tukuulize wewe kwanza."

Akataja bei. Mwanakombo hakupepesa jicho. Nusu yake alikuwa nayo, imo sandukuni chini ya kitanda, jasho la miaka ya kusugua masizi. Nusu ya pili hakuiona popote.

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, tutakupa muda wa kuhama."

Kuhama aende wapi? Ndugu aliyebaki naye alikuwa Madale, juu ya vilima huko ndani ya Tegeta. Mji wa watu wachache, nyumba hii na nyumba ile haziitani. Huko nani angekodi sufuria yake, nyani? Alikaa akaangalia boriti za ukumbi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaliwaza neno mkopo bila kutema mate.

Palikuwa na chama cha kuweka na kukopa, ofisi yao chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Wanawake wengi wa mtaa walikuwamo, Waswahili wa pale na watu wa kusini kwa pamoja. Katibu wake aliitwa Felicitas, mwanamke wa Ndanda, mpole wa sauti lakini hasogei. Mwanakombo alijitanda kanga mpya, akaenda.

"Nataka mkopo wa nyumba," akasema kabla hajakaa vizuri. "Hiyo hiyo nyumba iwe rehani, hati zake mkae nazo. Nusu ya hela ninayo."

"Vizuri, mama. Umewahi kukopa mahali?"

"Sijawahi. Toka nizaliwe." Akakaa wima, akingoja kusifiwa.

Felicitas akaweka kalamu chini. "Basi hapo ndipo pagumu, mama. Sisi hatukujui."

"Hamnijui mie? Toka nje uulize mtu yeyote."

"Watasema wewe ni mtu safi. Sikatai. Lakini wapo watu safi ambao wakidaiwa wanajificha uvunguni. Mtu ambaye hajadaiwa hata siku moja, sisi tutajuaje akidaiwa anakuwaje?"

Akamweleza utaratibu wao. Aweke akiba ionekane. Achukue mkopo mdogo, aulipe kidogo kidogo mwisho wa kila mwezi. Halafu apate mwanachama aliye jirani yake wa kumdhamini, aseme huyu namjua. Hapo ndipo wanakamati watakapokaa wautazame mkopo wa nyumba. Ipo na ziada ndogo juu, waliiita gharama za kuendesha chama. Ile ziada Mwanakombo aliiulizia mara mbili, akarudi nyumbani akamuuliza na shehe kama si riba, akaridhika nusu. Nusu nyingine akamwachia Mungu.

Mkopo mdogo akauchukua. Akaufunga kwenye pindo la kanga, akaufungia sandukuni, na usiku asilale. Aliona kama ameweka ndani mtoto wa mtu anayelia. Wiki haikupinduka, akarudi nyuma ya mashine ya kusaga, akazimwaga noti zile zile mezani, hazijakunjuka, na ziada yao juu.

"Tumemalizana," akasema.

Felicitas akazitazama. Akajifuta uso kwa mkono.

"Mama, hujatumia hata shilingi."

"Kwani nilikuwa na shida?"

"Ukinilipa zote kwa mpigo, mie najua una hela. Sijui kama una subira. Nyumba ni miaka, mama. Nataka nione mwezi mbaya unakukuta wapi. Tunaanza upya."

Mwanakombo aliondoka bila kuaga. Njiani alimsema Felicitas, akawasema watu wa kusini wote, akawasema na wazungu walioleta mambo haya ya benki. Alipofika uani akamkuta Mauwa anafua.

Mauwa alikuwa mpangaji wa chumba cha mkabala, muuza kanga na vitenge wa mali kauli: anachukua mzigo kwa wenye maduka kwa neno la mdomo tu, anatembeza, akiuza ndio analipa. Mtaa mzima ulimdai Mauwa, na mtaa mzima ulimpa tena. Mwanakombo hakuwahi kulielewa jambo hilo, na kwa kweli alimdharau kidogo.

"Mauwa, we si mwanachama pale? Utanidhamini."

Mauwa akakamua shuka mpaka likakauka. "Nikudhamini kwa lipi, dada?"

"Kwa lipi? Tumekaa ukumbi mmoja miaka yote hii."

"Tumekaa. Lakini nikikuletea sahani ya futari, inarudi kabla sijanawa mikono. Na inarudi imejaa kuliko ilivyokuja. Nikileta ndizi mbili, unarudisha kuku. Sasa mie nije nisimame mbele ya kamati niseme namjua Mwanakombo? Namjua vipi? Hujawahi kukaa na changu hata usiku mmoja."

"Sahani hairudi tupu. Ndivyo tulivyofundwa."

"Hairudi tupu, sawa. Lakini tulifundwa pia inakaa, dada. Inakaa kwako mpaka siku umepika kizuri ukanikumbuka. Hiyo ndiyo inayofanya watu wawe majirani. Yako wewe inarudi kama umechomwa nayo. Kina mama hapa wanasema Mwanakombo hataki mazoea."

"Nani anasema?"

"Mie nasema. Na wengine wananisikiliza."

Mwanakombo akaingia ndani, akafunga mlango. Siku mbili hawakusemeshana ila salamu tu. Lakini ukaidi ukimkaa mtu vizuri unaweza kumgeukia ukawa nguvu. Akajisemea: wanataka kuona nikidaiwa nakuwaje. Wataona.

Akachukua mkopo tena. Safari hii akaenda nao Kariakoo, akanunua sufuria mbili kubwa za bati nene na turubai la kujikinga jua, kwa sababu watu siku hizo walianza kufanya shughuli zao kwa fahari, kila mtu anataka kuzidi mwenzie. Sufuria zikafanya kazi. Mwisho wa mwezi akaenda kulipa sehemu, akarudi. Mwezi wa pili akalipa, akarudi. Kila akirudi alihisi ananing'inia, mguu mmoja nje ya kitanda, lakini alirudi. Mtaani wakawa wanamwona anapita na turubai lake kwenye mkokoteni, wanamtania.

"Bi Mwanakombo, tumesikia unadaiwa."

"Nadaiwa. Wewe nani anakuamini akudai?"

Kisha ikaingia masika, na masika hiyo ikagongana na mfungo. Katika Ramadhani nani anaoa? Sufuria zikalala zimefunikwa uani, turubai likaota ukungu. Akiba yake ya sandukuni ilikuwa imeshakabidhiwa chama, ndiyo nusu ya nyumba, haiguswi. Mwisho wa mwezi ukawa unakaribia, na mkononi hana sehemu ya kulipa.

Akafikiria kuuza herini. Akazivua, akaziweka kiganjani. Akafikiria kuuza sufuria moja. Akahesabu atapungukiwa nini Idd ikija, watu wakaanza harusi zao za Mfungo Mosi. Ingekuwa kama kuuza jembe masika. Akafikiria kwenda kwa Felicitas kumwambia anaumwa macho. Hilo lilimtia aibu kuliko yote, maana alijua fika kuna uvungu, na yeye ndiye aliyekuwa anachungulia.

Jioni, baada ya kufuturu, akavuka ukumbi. Ni hatua chache tu kwa mtu mwingine. Mauwa alikuwa anakunywa uji wa pilipili manga.

"Mauwa."

"Labeka, dada."

"Nikopeshe."

Mauwa akalishusha bakuli. Hakucheka, na kwa hilo Mwanakombo anamshukuru hadi leo. "Sema kiasi."

Akasema. Mauwa akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa, akampa bila kuzihesabu tena.

"Nitakurudishia Idd ikipita, shughuli zikianza," Mwanakombo akasema.

"Ikipita Idd. Lakini, dada, ukiniletea kesho, nazitupa chooni. Nakuapia."

"Kesho nazitoa wapi, mwehu wewe?"

Hapo ndipo Mauwa alipocheka, wakacheka wote wawili, na uji ukamwagika mkekani.

Zile siku zilikuwa ndefu. Kila akitoka alfajiri kwenda bombani anakutana na mdai wake uso kwa uso, na Mauwa anamuuliza habari za kulala tu. Wakawa wanafuturu pamoja, maana ni upuuzi kumdai mtu ukala peke yako. Mwanakombo akagundua kwamba Mauwa anaogopa radi, na kwamba ana mtoto Lindi, na kila akiuza kitenge humtumia hela. Yote hayo yalikuwa ng'ambo ya ukumbi siku zote.

Idd ikapita. Wiki ile ya kwanza ya Mfungo Mosi harusi zilimiminika, sufuria hazikupoa. Mwanakombo akamlipa Mauwa, akalipa chama, na alipolipa sehemu ya mwisho ya ule mkopo mdogo, Felicitas alipekua daftari lake.

"Mwezi wa Ramadhani ulilipaje, mama? Nilijua hakuna shughuli."

"Nilikopa."

"Kwa nani?"

"Kwa Mauwa."

"Naye umemlipa?"

"Kamuulize."

Felicitas hakuhitaji kumuuliza. Mauwa alikuja mwenyewe siku ya kamati, amejifunga kibwebwe kama mtu anayekwenda ngomani, akasimama akawaambia wanakamati: "Huyu mie namjua. Akiwa nacho analipa, asipokuwa nacho anakuja kukwambia. Mtu wa hilo la pili ndiye mgumu kumpata." Akaweka dole gumba lake chini ya jina la Mwanakombo.

Kamati haikutoa yote. Chama chenyewe kilikuwa kichanga, wakatoa walichoweza, kikabaki kipande. Mwanakombo akakaa na jambo hilo siku nzima. Halafu akampelekea Badru ujumbe aje, akamwambia wazi, bila kuzunguka: nyingi hizi hapa, kipande kilichobaki nipe muda, nitakumalizia Mfungo Tatu. Zamani angekufa kuliko kusema maneno hayo.

Badru akakuna kichwa. Tajiri wa Mbezi Beach alikuwa tayari kulipa zote mara moja. "Wadogo zangu watapiga kelele, mama."

"Waache wapige. Waulize mtaani mie nikidaiwa nakuwaje."

Badru akaenda, akakaa na nduguze, na inasemekana waliuliza kweli. Akarudi siku ya tatu wakaandikishana mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na hati zikaenda moja kwa moja kwenye kabati la chama, zikae huko mpaka deni liishe. Mwanakombo akatia sahihi yake, zile herufi chache alizofunzwa kwenye kisomo cha watu wazima, akazikoleza ili zionekane.

Walipotoka kwa mjumbe Mauwa akamshika mkono. "Sasa wewe ndiye mama mwenye nyumba. Utanifukuza?"

"Nitakufukuzaje, nani atanidhamini tena?"

"Basi nikwambie mapema. Kodi ya mwezi huu itachelewa. Vitenge havijatoka."

Mwanakombo akamtazama, akaiwaza na nyumba yake, ukuta wa mbele umebanduka lipu, paa limeota kutu upande wa kusini, miaka ya kulipa imelala mbele yake kama barabara ya Kilwa.

"Itachelewa mpaka lini?"

"Mpaka tarehe kumi."

"Haya. Tarehe kumi," akasema, na wakarudi nyumbani kwa miguu, wakibishana kama waanze na lipu au waanze na paa.