Matembezi ya Jumapili kwenye Karakana ya Masofa

Fundi wa masofa waliyemwita Sponji alikuwa mtu wa ahadi nyingi na Jumapili chache. Mara nyingi alikuwa amewaahidi mkewe na mama mkwe wake kuwapeleka bustanini kula chakula cha mchana, na kila mara sofa la mtu likamtia kitanzini. Safari hii alikata shauri: wataenda, na chakula atapika yeye.

"Wewe?" mkewe alicheka mpaka akashika ubavu. "Hata chai yako huungua!"

"Leo jikoni hukanyagi."

Vitunguu vya kwanza viliungua kweli. Akavitupa chapuchapu kabla hajaonekana, akaanza upya. Kuku alimkatakata taratibu kama anayekata kitambaa cha mteja mkorofi. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja tena kuwasalimu kwa wiki nzima, alisimama mlangoni akakunja mikono.

"Baba, huyo kuku unampika au unamshona?"

"Mama, subiri. Utajilamba vidole."

Kufika saa sita, sufuria la wali na la kuku yalikuwa yamefungwa kwa kanga kikapuni, nao wako njiani. Hawajafika hata kwenye geti la bustani, mvua ikashuka kama imefunguliwa bomba. Karakana ya Sponji ilikuwa mtaa wa pili. Wakatimua mbio, mama mkwe mbele, viatu mkononi.

Ndani kulikuwa na harufu ya gundi, vipande vya sponji kila kona, na sofa moja tu lililokwisha: la bluu, jipya kabisa, la mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Sponji alilitandika nailoni mara mbili, wakaketi, wakapakua. Kuku alikuwa laini, mchuzi mzito. Mkewe alijipakulia tena, na Sponji akajisikia ameota mabawa.

Ndipo mlango ukasukumwa. Aliyeingia kujikinga na mvua, mwavuli wake umepinduka, alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe.

"Fundi," alisema akikodoa macho, "hilo si sofa langu?"

Paja la kuku lilikuwa bado mdomoni mwa Sponji. Jasho likamtoka na baridi yote ile. Mama mkwe ndiye aliyemwokoa.

"Ni lako, mwanangu. Njoo ukae basi, unasimamaje na kiti unacho?"

Mwalimu alisita, akaangalia nailoni, akaangalia sufuria. Akakaa. Alipomaliza sahani ya pili aliuliza nani kapika, na mkewe Sponji akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Basi sofa nalipokea," mwalimu alisema, "ila mifupa msiniachie humo."

Walicheka wote, Sponji kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu roho ilikuwa ndiyo kwanza inarudi mahali pake.

Mvua ilipokatika, mwalimu alishika njia yake, nao wakaenda bustanini. Mabenchi yalikuwa yameloa chapachapa, wakaishia kutembeatembea wakiruka madimbwi.

"Jumapili ijayo napika mimi," mkewe alisema.

"Kwani changu kilikuwa kibaya?"

"Kilikuwa kitamu mno. Mama ameshaanza kukusifia wewe, na mwanawe ni mimi!"